Mkono Uliongoja Sireni

Juzi nilikuwa nimejilaza mchana katika nyumba ya wageni, kwenye mji mmoja wa migodi ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia. Dirisha lilikuwa wazi na marobota yangu ya vitenge yalikuwa hayajafunguliwa. Mara king'ora cha mgodi kikalia. Nilipofumbua macho niliukuta mkono wangu wa kulia uko juu, vidole vimeshikana, kama mwanafunzi anayetaka kuuliza swali. Binti aliyekuwa akifagia ukumbini alichungulia mlangoni akaniuliza kama ninahitaji kitu. Nikamwambia hapana. Ningemweleza nini? Kwamba ule haukuwa mkono wangu bali wa baba yangu, na kwamba baba yangu tulimzika kiangazi kilichopita, yaani walimzika, maana mimi nilifika siku mbili baadaye?

Baba alikuwa kochi wa mpira wa kikapu katika koleji moja pale Likasi. Kwetu koleji ni shule ya sekondari, na ile yetu ilikuwa ya matofali mekundu, na nyuma yake uwanja wa saruji uliopasuka katikati, nyasi zikichungulia kwenye ufa. Asubuhi alifundisha mazoezi ya viungo, alasiri alifundisha timu. Ujanani alicheza yeye mwenyewe hadi goti likamkatalia, na tangu hapo hakuwahi kufanya kazi nyingine. Mji mzima ulimwita Kochi. Mimi pia nilimwita Kochi. Mama alifariki kabla sijajua kutamka maneno sawasawa, na Tantine Odile, dada yake baba aliyekuja kunilea, naye alimwita vivyo hivyo, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kunifundisha jina jingine.

Uwanjani alikuwa mtu wa maneno. Alipiga kelele, alitania, aliwaita vijana wake kwa majina ya wanyama. Nyumbani maneno yaliisha. Alikula bukari yake, ugali wetu, polepole huku mkono wa pili ukisogeza vifuniko vitano vya chupa juu ya meza, kimoja mbele, viwili pembeni, kimoja kikizunguka nyuma ya vingine. Mimi nilikaa upande wa pili nikitazama vifuniko. Nilivifahamu vyote. Kile kilichobonyea kilikuwa Ngoie, kapiteni wa timu, kijana wa jirani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, na kuna jioni nilitamani kuwa kifuniko.

Kila siku ya posho, ndivyo tunavyoita Jumamosi, alinipeleka uwanjani mapema akachora mistari kwa maji ya chokaa. Brashi ilikuwa fimbo iliyofungwa kitambaa. Mimi nilibeba ndoo ndogo. Hakusema kitu, lakini tulikuwa wawili tu, chokaa ilinukia vizuri, kama ukuta mpya baada ya mvua, na nikikanyaga mstari mbichi hakunigombeza. Halafu watu walianza kufika, naye akanisahau. Nilipanda ngazi ya tatu, peke yangu, nikakaa hapo hadi mwisho. Sikumbuki hata mara moja alipogeuka kuitazama ngazi ya tatu.

Sasa nieleze jinsi michezo yetu ilivyoisha, maana watu wa miji mingine huwa hawaniamini. Saa ya kupimia mchezo ilikuwa imeharibika zamani, na hakuna koleji iliyokuwa na nyingine. Kipindi cha kwanza kiliisha pale prefe, mkuu wa shule, alipogonga kipande cha reli kilichoning'inia kwenye nguzo. Kipindi cha pili kiliisha kwa king'ora cha kiwanda, sireni tuliyoiita sisi, ile ya jioni ya kubadilisha zamu. Timu zote za mji zilikuwa zimepatana hivyo. Sireni ikilia mpira ukiwa hewani, ukaingia, haukuhesabiwa. Hakuna mwamuzi aliyebishana nayo. Ililia juu ya vilima vyote, kutoka Shituru hadi Kikula, na mji mzima ukabadilisha ulichokuwa ukifanya.

Na baba alijua lini italia. Hakuwa na saa mkononi. Anasimama, uso umeelekea bomba la moshi la kiwanda, kisha polepole anainua mkono wa kulia. Vijana wake wakiuona mkono, kama wanaongoza, wanaushika mpira, wanapeana tu, hawatupi tena. Kama wako nyuma, wanakimbia kama wanaofukuzwa na nyuki. Nusu dakika, labda dakika moja. Kisha sireni. Kisha mkono unashuka. Sikumwona akikosea.

Leo najua alikuwa akisoma mji. Wanawake wa nyuma ya ukuta waliwasha mbabula zao, majiko ya makaa, kabla ya waume kurudi, na moshi wa makaa ulipoanza kunyooka yeye aliuona. Aliwaona wanaume wa zamu ya usiku wakishuka barabarani na kofia zao ngumu. Lakini nikiwa mtoto niliona mkono unapanda na sireni inafuata. Nikaamini kwamba baba ndiye anayeiita. Kiwanda kizima, na bomba lake, na wanaume wake maelfu, kilikuwa kinamngoja Kochi ainue mkono. Sikumwambia mtu. Siri kubwa namna hiyo ilinitosha kwa rafiki.

Mwaka ule timu ilishinda kila mtu. Majirani walisema Kochi ana dawa. "Kochi iko na fetishi ndani ya filimbi," alisema mama yake Ngoie, na Tantine, aliyekuwa mtu wa kusali sana, akamjibu, "Hapana fetishi, mama. Iko na masikio tu. Ni kinywa njo hana," yaani kinywa ndicho asicho nacho. Kisha habari ikaja kupitia kwa prefe: chuo kimoja kikubwa cha Lubumbashi kinatafuta kochi, na mtu wao atakuja siku ya posho kutazama mchezo wa mwisho dhidi ya timu ya Panda.

Nilisikia mengine nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni. Tantine na mama yake Ngoie walikuwa wanachambua mboga za lengalenga uani.

"Akishinda siku ya posho, banamubeba ku Lubumbashi," alisema Tantine.

"Na mutoto?"

"Mutoto atabakia na minye," alisema akijigusa kifua. " Mwanaume peke yake atamuweza namna gani mutoto mwanamuke? Anajua kusuka nywele?"

"Atamusuka sawa wavu ya kikapo!"

Wakacheka mpaka mama yake Ngoie akashika mbavu. Mimi sikucheka. Kwenye mtaa wetu nilijua maana ya baba kwenda Lubumbashi. Baba wa nyumba ya pembeni alikuwa ameenda. Mwanzo zilikuja barua, baadaye zikaja salamu za mdomo kwa watu wa treni, baadaye hata salamu zikakoma, na watoto wake wakajifunza kutomtaja. Nami sikuwa na mama wa kubaki naye wala ndugu wa kulia naye. Nilikuwa na ndoo ya chokaa na mtu mmoja asiyesema.

Usiniulize kwa nini sikumwuliza. Nilijaribu. Jioni ile nilisimama kando ya meza hadi vifuniko vikatulia.

"Kochi."

"Mm."

"Siku ya posho mutashinda?"

Akafikiri, akasogeza kifuniko kilichobonyea. "Sireni njo itasema."

Basi nikajua ni nani wa kumwendea. Tantine na wenzake walikuwa na chumba cha sala kwa jirani, na ndani yake kikapu ambamo watu waliweka karatasi za maombi yao, wagonjwa, kazi, visa, waume. Siku ya tano ya juma, yaani Ijumaa, walifunga, kisha wakasali juu ya kikapu. Nilichana karatasi ya daftari la hesabu, nikaandika kwa kalamu ya buluu: *Yesu, sireni isilie siku ya posho.* Niliona ni ombi dogo. Sikuomba baba ashindwe. Niliomba tu mwisho usifike. Na kwa kuwa Tantine alisema ombi bila kufunga ni kama barua bila stempu, nilifunga. Bukari yangu nilimpa mbwa wa jirani siku mbili mfululizo, na mbwa yule akanipenda sana.

Asubuhi ya siku ya posho nilitafuta gauni langu la buluu, lile la kwendea uwanjani, nisilione. Tantine akanigombeza, "Kila kintu unatupa tu, kichwa nayo utaitupa!" Nikavaa la shule. Nilibeba ndoo. Baba alichora mistari kwa makini kuliko siku zote, na alipomaliza alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: alinitazama, akafuta tone la chokaa kwenye shavu langu kwa kidole gumba. Nilidhani ananiaga.

Uwanja ulijaa. Mtu wa Lubumbashi alikaa kwenye kiti cha ofisi ya prefe, suti ya kijivu, saa kubwa mkononi. Timu ya Panda ilikuwa na jamaa mrefu ambaye watu walimwita Nguzo ya Umeme, na watoto waliokuwa ukutani walimwimbia, "Nguzo! Moto hakuna! Nguzo! Moto hakuna!" mpaka yeye mwenyewe akacheka akakosa mpira. Njaa ilinifanya nione saruji ikipanda na kushuka. Walikuwa wanakwenda sawa, kikapu kwa kikapu. Kisha Ngoie alipenya katikati ya watu watatu, akafunga, na sisi tukawa mbele kwa alama moja. Nyuma ya ukuta moshi wa mbabula ulianza kunyooka.

Baba akainua mkono.

Vijana wakaushika mpira. Wakapeana, Ngoie kwa mwenzake, mwenzake kwa Ngoie, pembeni, nyuma, tena pembeni. Watu wote walikuwa wamesimama wakiangalia upande wa bomba. Nami nilifumba macho nikasema moyoni, isilie, isilie, isilie. Nilipofumbua, mkono ulikuwa bado uko juu na mji ulikuwa kimya. Nilisikia mbuzi akilia mbali. Nilisikia viatu vya wachezaji kwenye saruji. Ngoie alikuwa ametokwa na jasho hadi kwenye kope, na kila alipotoa mpira alitupa jicho kwenye mkono wa baba. Mkono haukushuka. Kijana wa Panda akaudokoa mpira, akakimbia peke yake, akafunga.

Sasa tulikuwa nyuma kwa moja. Bado kimya. Vijana wetu wangeweza kwenda kufunga, lakini hawakuelewa tena mkono unasema nini, na yeye hakuushusha. Mpira ukawatoka mikononi. Panda wakafunga tena. Wanaume wa zamu ya usiku walikuwa wakipanda barabara kurudi makwao, kofia mkononi, kwa muda ambao hawakupaswa kurudi, na baadhi walisimama ukutani kututazama.

Mtu wa Lubumbashi akainuka akamwendea baba. Nilisikia kila kitu, maana uwanja mzima ulikuwa umenyamaza.

"Coach, kwa saa yangu, sireni ilipashwa kulia zamani. Ule wakati mulikuwa mbele. Mulishinda. Tuandike vile, tumalize."

Prefe akaitikia kwa kichwa. Hata kochi wa Panda aliangalia chini kama mtu anayekubali. Ilibaki neno moja tu la baba.

"Hapana," alisema baba. "Saa ni yako. Sisi tulipatana sireni."

"Lakini sireni hailie!"

"Basi tunacheza."

Wakacheza. Mtu wa Lubumbashi alingoja kidogo, akaondoka na gari lake. Watazamaji wakaondoka mmoja mmoja. Vijana walicheza wakitembea, kisha wakisimama, hadi mpira haukuonekana tena kwa giza, na prefe akauchukua chini ya kwapa akaingia nao ofisini. Hakuna aliyepiga filimbi. Hakuna aliyegonga reli. Baba alikuwa amesimama pale kwenye mstari wake wa chokaa, mkono juu, na ni mimi niliyemfuata nikamshika ule wa pili.

Tulirudi nyumbani, na sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa nimeelewa yote. Baba, mwenye sireni, alikataa kuiita. Mtu mkubwa alimpa ushindi mkononi naye akaukataa mbele ya watu. Alifanya hivyo ili abaki nami. Nililala nikiwa na njaa na nikitabasamu. Kesho yake nililikuta gauni langu la buluu juu ya kiti, limekunjwa pande nne kama jezi, linanuka dawa ya misuli. Nikadhani Tantine amelificha kuniadhibu, akajuta.

Furaha hiyo ilidumu hadi siku ya kwanza ya juma, Jumatatu, jioni, sireni isipolia. Wala kesho yake. Wala juma lililofuata. Baadaye watu wazima walielezana kwamba zamu zimepunguzwa, kwamba hakuna tena cha kubadilisha, lakini mimi nilikuwa nimeandika siku ya posho tu na nikaona ombi langu limepita mpaka. Niliwaona wanaume wamekaa kwenye kuta mchana. Nilimwona baba yake Ngoie akiuza baiskeli. Nilirudi kwenye chumba cha sala nikapekua kikapu karatasi kwa karatasi ili niichane yangu, haikuwemo. Nikajua imeshafika mbinguni na haiwezi kurudi. Nikaacha kusali, nisije nikavunja kitu kingine. Miaka mingi nilipita katika mitaa ya Likasi nikiamini kwamba ukimya ule wote ulikuwa wangu.

Na baba nilimpata, kama nilivyoomba. Hakuna aliyemwita tena Lubumbashi. Aliendelea na timu, lakini michezo sasa iliisha kwa mabishano au kwa giza, na vijana walianza kwenda Kakanda kuchimba. Ngoie alikwenda wa kwanza. Alikuja kuaga na viatu vyake vya kuchezea shingoni, akasema, "Kochi, nitarudia ku kipwa," akimaanisha kiangazi, na kiangazi kikaja bila yeye. Kila aliyeondoka, baba alikiondoa kifuniko chake mezani akakitia kwenye kopo. Akabaki na wanne. Akabaki na wawili. Alijaribu kufundisha wasichana, akajaribu watoto wadogo, kisha koleji ikamwachia mazoezi ya asubuhi peke yake. Lakini kila siku ya posho tulikwenda na ndoo, tukachora mistari ya uwanja ambao hakuna aliyekuja kuuchezea. Jioni alikaa kwenye kizingiti, uso upande wa bomba. Nilikaa kando yake. Tulikuwa pamoja saa zote, wawili tu, na sikujua kwamba mtu anaweza kuketi bega kwa bega na mwenzake akawa peke yake kiasi kile.

Nilipomaliza sekondari nikaamua kuondoka. Kila mara nimesema ilikuwa biashara. Ilikuwa ule ukimya. Nilipata nafasi kwenye lori la kwenda mpakani, Kasumbalesa, na baba alinisindikiza hadi lilipokuwa linapakia, akiwa amebeba begi langu ingawa goti lilikuwa linamsumbua. Dereva alikuwa bado anakaza kamba. Nikaona nikinyamaza hapo nitanyamaza milele.

"Kochi, iko kintu nataka kukuambia. Sireni. Ile siku. Minye njo niliifunga. Niliandika ku karatasi, nikaweka ku kikapo cha Tantine."

Hakushangaa. "Karatasi ya daftari ya hesabu," alisema.

"Ulijua?"

"Odile alinionyesha kesho ya ule muchezo. Ninayo mpaka leo."

"Na haukusema kintu? Miaka yote ile?"

"Na weye haukuuliza."

"Niliogopa utaenda ku Lubumbashi utaniacha."

Akaliweka begi chini. Nilimwona akitafuta maneno jinsi mtu anavyotafuta ufunguo mfukoni, kwanza mfuko huu, kisha ule.

"Kukuacha wapi?" alisema. "Nilishafunga mizigo yako. Ile robe ya bleu, ile ya kuendea ku uwanja, ilikuwa ndani, na viatu vya masomo. Chini ya kitanda mizigo ilikuwa mbili, mwanangu. Mbili."

Dereva alituita. Baba alinisukuma taratibu begani, kama alivyowasukuma vijana wake kuingia uwanjani, nikapanda juu ya magunia na kuketi nikitazama nyuma.

Lori likaondoka. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, vumbi likimzunguka miguuni, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu. Haukupunga. Ulikuwa umenyooka, vidole vimeshikana, na uso wake haukunielekea mimi bali upande wa bomba la kiwanda, kule ambako hakuna kitu kilicholia tangu nilipokuwa mtoto. Nilimtazama hadi akawa mdogo kama kifuniko cha chupa. Pale kwenye kona, kulikuwa na mbuzi barabarani, dereva akapiga honi, honi ndefu, ndefu sana, iliyogonga vilima na kurudi.

Baba akashusha mkono.